Kabati la Vioo la Mama Cédrick

Volkano ya mwaka 2002 ilimnyang'anya Généreuse nyumba, bustani ya maharage na mparachichi uliokuwa ukizaa mara mbili kwa mwaka, na vyote hivyo aliusamehe mlima. Mlima ni mlima, alikuwa akisema, haukufundishwa kubisha hodi. Kilichomuuma kwa miaka kumi ni kitu ambacho moto wala mawe havikukigusa. Jirani yake Asumini aliacha kumtania. Alimsalimia, alimuuliza habari za watoto, alimpa chumvi alipoishiwa, ila utani ulikwisha. Anayeijua Majengo ya zamani, ule mtaa wa Goma, anajua kwamba jirani asiyekutania tena ni sawa na aliyehama. Généreuse alitaka utani ule urudi kuliko alivyoitaka nyumba yake, na alijua vizuri sana kwa nini uliondoka.

Uliondoka kwa sababu ya kabati.

Baba yake Généreuse alikuwa seremala huko Kabare, juu ya Bukavu. Binti yake alipoolewa mwaka 1983, alimtengenezea kabati la mbao nyekundu za libuyu, lenye milango miwili ya vioo na miguu ya kuchonga, na ndani yake akampangia sahani kumi na mbili zenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Kabati lilivuka ziwa kwa meli hadi Goma, likiwa limefungwa kamba na kufunikwa blanketi. Bibi arusi alisimama kando yake safari nzima akilishika. Bwana arusi, Mulumeoderhwa, karani wa ghala la kahawa, alikaa peke yake upande wa pili. Alipenda kusimulia baadaye kwamba waliposhuka bandarini watu walimuuliza ni yupi hasa aliyemuoa.

Mwaka wa pili baba akafa. Tangu hapo, kila Jumamosi, Généreuse alichukua kitambaa na mafuta kidogo akalifuta kabati taratibu, juu mpaka chini, na harufu ya mbao ikapanda, na kwa dakika chache alikuwa tena mtoto aliyekaa kwenye maranda ya mbao huko Kabare akimsikiliza baba yake akipiga mruzi. Hapo hakuna kosa. Kumkumbuka baba si dhambi katika kanisa lolote ninalolijua mimi.

Lakini mambo yalikua polepole, na yeye hakuona. Watoto wake wawili, Cédrick na Gisèle, walikatazwa kukimbia sebuleni, kisha wakakatazwa kucheka kwa nguvu sebuleni, kisha wakakatazwa sebule yenyewe. Padri alipokuja kubariki nyumba alikula wali kwenye sahani ya plastiki. Sahani za dhahabu zilikuwa za siku kubwa. Ulikuja ubatizo, ikaja komunio ya kwanza ya Cédrick, zikaja Noeli kumi na nane, na siku kubwa haikufika hata mara moja. Gisèle, akiwa na miaka sita, aliwahi kugusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya maandazi. Kofi alilopigwa siku hiyo analikumbuka mpaka leo, na yeye sasa ni mama wa watoto watatu.

Maandazi yenyewe yalikuwa ya Asumini. Watu wa Asumini walitoka Kasongo, Maniema, Waislamu wa biashara na safari, na mumewe Djibril alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Rutshuru. Mungu hakuwajalia mtoto, basi watoto wa Généreuse walikuwa na majiko mawili na walijua saa ya kila moja. Ua uliotenganisha nyumba ulikuwa wa matete, na katikati palikuwa na tundu ambalo hakuna aliyejua nani alilitoboa na hakuna aliyefikiria kuliziba. Pilau ya Idi ilipita hapo. Noeli ilipokaribia, Djibril aliitwa achinje kuku wa Généreuse kwa mkono wake, ili Asumini naye ale bila wasiwasi. Djibril aliporudi na lori alirusha kabichi mbili juu ya ua bila hata kusema neno, na ole wako kama ulikuwa umeinama unafua.

Hiyo ndiyo Majengo anayoiota Généreuse hata sasa. Udongo ulikuwa mweusi na laini, ukitupa mbegu leo, wiki ijayo unaona majani. Jioni volkano ya Nyiragongo iling'aa wekundu kule juu na hakuna aliyeitazama mara mbili. Na kwenye tundu la ua kulikuwa na uso wa Asumini, ukitafuta neno la kumchokoza.

Mwezi wa kumi, mwezi wa rozari, sanamu ya Mama Maria ilizunguka nyumba kwa nyumba katika shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa barabara moja wanaosali pamoja kila wiki. Zamu ya Généreuse ilipofika, aliiweka sanamu juu ya kabati, kwa kuwa hakuona mahali penye heshima zaidi. Watu ishirini wakapiga magoti kuelekea huko. Asumini alipita mlangoni na beseni lake, akasimama, akaangalia vizuri.

“Voisine, jirani,” alimwambia kesho yake kwenye tundu, “jana muko munapigia nani magoti, Mama Maria ao masahani?”

Généreuse alicheka mpaka akashika tumbo. Mulumeoderhwa, aliyekuwa akinyoa ndevu uani, hakucheka. Alisema tu, “Asumini, hiyo ulizo ungeipeleka kwa padri,” kisha akaendelea kunyoa.

Vita ya 1996 ndiyo iliyomaliza kulipandisha kabati cheo. Wanajeshi wa serikali walikuwa wanakimbia mji, na kabla ya kukimbia walikuwa wanachukua kila kilichobebeka. Walikuwa wamefika nyumba ya nne kutoka hapo. Asumini ndiye aliyepata akili. Walilivusha kabati kwa mlango wa nyuma mpaka chumbani kwake, wakalilaza chali, wakalifunika sanda nyeupe ambayo Djibril alikuwa ameiweka kwa ajili ya mamake mgonjwa, na Asumini akaketi chini, akafungua nywele, akaanza kulia. Généreuse akalia naye. Wanajeshi waliingia, wakaona maiti ndefu kupita kiasi, wakavua kofia. Mmoja alisema pole, mama. Walitoka bila kugusa hata sufuria.

Majengo nzima ilisikia habari ya kabati lililoliliwa matanga. Kwa wengine kilikuwa kichekesho cha vita, na vita ina haja ya vichekesho. Kwa Généreuse kikawa kitu kingine. Aliamini kwamba Mungu mwenyewe amelilinda, na kwamba kabati likiwa salama, nyumba iko salama. Awamu ya pili ya vita ilipokuja mwaka 1998, jambo la kwanza alilofanya aliposikia risasi ni kulikumbatia. Watoto walikuwa shuleni, na aliwakumbuka baada ya dakika kadhaa. Aliona aibu, akatubu, na Jumamosi akalifuta kama kawaida.

Kisha ikaja Alhamisi ile ya mwezi wa kwanza 2002. Tangu asubuhi watu wa Kibati, chini ya mlima, walikuwa wanateremka barabarani na magodoro vichwani, wakisema mlima umepasuka, moto uko njiani. Wengi mjini waliwacheka. Baada ya adhuhuri hakuna aliyecheka tena. Mulumeoderhwa alikuja mbio kutoka ghalani, akawachukua watoto, akabeba godoro moja na mkoba wa vyeti. Alimwambia mkewe, akilionyesha kabati, “Acha hiyo buffet. Twende.” Alisema mara moja tu, kwa sababu alimjua. Akatangulia na watoto kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

Généreuse alimpata mtu mzima mmoja mwenye chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma hubebea kila kitu. Wakalisimamisha kabati juu yake, wakalifunga kwa kamba za vitenge. Mwenye chukudu alishika usukani. Généreuse alishika kabati kwa mikono miwili, kifua chake kikiwa kimebanwa kwenye kioo, wakaingia barabarani katikati ya watu na mbuzi na vumbi la majivu.

Siku nne kabla ya hapo Asumini alikuwa amejimwagia mafuta ya moto ya maandazi, na mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye goti. Djibril alikuwa Rutshuru na lori, na barabara ilikuwa imekatika nyuma yake. Asumini alitoka mlangoni akiegemea mpini wa jembe.

“Mama Cédrick!” aliita.

Généreuse alimsikia. Alijua ile sauti kuliko sauti ya dada yake wa kuzaliwa. Na papo hapo akili ilimwambia anachotaka Asumini ni kupakizwa kwenye chukudu, na ili apakizwe lazima kabati lishuke.

“Mama Cédrick!”

Alijiambia, atapata mtu. Watu ni wengi. Mara ya tatu sauti ilikuwa mbali zaidi, na Généreuse alibana shavu lake kwenye kioo, akatazama mbele.

Kabati lilifika Gisenyi. Lilikaa siku tatu katikati ya uwanja wa shule, kati ya maelfu ya watu waliolala chini, na watoto walikuja kujitazama kwenye vioo vyake. Wakubwa walicheka. Mulumeoderhwa aliuliza swali moja tu: “Na Asumini?” Mkewe akajibu kwamba hajui, kelele zilikuwa nyingi.

Asumini alikuwa hai. Aliburuta mguu peke yake, ua kwa ua, mpaka alipoangukia Birere, mtaa wa karibu na mpaka, na watu asiowajua wakamvusha mpaka. Jeraha liliingia majivu na uchafu. Daktari alimkata vidole vitatu vya mguu ili auokoe mguu wenyewe. Djibril alimpata siku ya tisa.

Waliporudi Majengo hapakuwa na Majengo. Palikuwa na mawe meusi ambayo bado yalikuwa yanatoa mvuke mvua ikinyesha. Kila mtu alitafuta kiwanja chake kwa kukisia, na mkuu wa mtaa alitaka shahidi: nani alikuwa kushoto kwako, nani kulia? Généreuse alisimama juu ya jiwe ameinamisha kichwa. Asumini akaja na magongo mawili, akaweka gongo moja chini, akamwambia mkuu wa mtaa, “Mimi nilikuwa hapa. Huyu alikuwa hapa, mukono ya kushoto. Andika.” Akaondoka. Kwa ushahidi huo Généreuse alipata tena kiwanja chake, na nyumba mbili zikajengwa tena jirani, safari hii bila ua, maana matete hayaoti juu ya mawe.

Utani haukujengwa tena. Généreuse aliusubiri. Alipika, akapeleka; Asumini akapokea, akashukuru kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyomchoma. Mulumeoderhwa alikufa kwa moyo mwaka 2007, na Asumini alilia kwenye matanga kama mtu wa nyumbani, akaosha vyombo siku tatu, akarudi kwake akichechemea. Hakuchokoza mtu hata kwa neno moja.

Kwaresima ya mwaka 2009 shirika lilipewa somo la kujadili: miungu ya uongo ya siku hizi. Mama Léocadie, kiongozi wa shirika, alisoma amri ya kwanza, akauliza nani anaiona sanamu katika maisha yetu. Watu walikuwa wepesi. Mmoja alitaja simu. Mwingine alitaja pombe, mwingine manabii wanaouza mafuta kwenye chupa, mwingine bunduki na wanaoziabudu. Kila sanamu ilikuwa nyumbani kwa mtu mwingine. Généreuse akainuka, akasema sanamu iko nyumbani kwake, ina milango miwili ya vioo.

Akasimulia. Wanawake walilia. Mwisho wa Kwaresima alilitoa kabati kwa watawa, na sahani akazigawa moja moja kwa nyumba za shirika, na wiki hiyo alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka saba. Nasema hivi kwa moyo wote: tendo lile lilikuwa la kweli, nisingependa mtu alicheke.

Ila habari nzuri haikai. Shirika la pili likamwita atoe ushuhuda, kisha la tatu. Akaitwa Kibati, akaitwa Sake. Watu walimjua barabarani: huyu ndiye mama wa kabati. Aligundua mahali pa kunyamaza kidogo, mahali pa kushika leso, mahali ambapo watu husema “Yesu!” kwa pamoja. Kila Jumamosi, kabla ya kwenda, alikaa kitandani akaupitia ushuhuda wake taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Na ulipofika pale barabarani, alikuwa akisema hivi: “Jirani yangu aliniita, lakini macho yangu yalikuwa kwa sanamu, masikio yangu hayakusikia.” Sentensi ile iliwapendeza watu sana. Haikuwa kweli, na yeye alijua.

Kwa Asumini hakwenda. Alijiambia yule ni Mwislamu, mambo ya shirika hayamhusu. Alijiambia ameshatubu mbele ya padri. Alijiambia mengi.

Tarehe ishirini ya mwezi wa kumi na moja mwaka 2012, siku ya Jumanne, waasi walikuwa wanaingia mjini. Risasi zilianza asubuhi upande wa uwanja wa ndege. Djibril alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, Cédrick alikuwa Bukavu, Gisèle Beni. Nyumba ya Asumini ilikuwa ya mbao tupu, na ya Généreuse ilikuwa na ukuta wa mawe ya volkano hadi kiunoni. Asumini alivuka akiwa ameinama, akaingia bila hodi, na wanawake wawili wajane wakalala kwenye mkeka, migongo yao ikiegemea mawe.

Walikaa hivyo muda mrefu. Kombora lilipoanguka karibu, vumbi likashuka kutoka darini. Généreuse akaona kwamba anaweza kufa sasa hivi, na Asumini anaweza kufa, na lile neno litabaki bila mtu wa kulipokea.

“Asumini,” alianza, “siku ile ya volkano macho yangu yalikuwa kwa sanamu...”

“Wacha,” alisema Asumini.

“Nataka tu kukuambia...”

“Hiyo niliisikia. Kanyere muuza mboga alinielezea. Mutu wa Sake alinielezea. Habari ya mguu yangu imetembea kuliko mguu yenyewe, na kwangu haijafika. Miaka tatu nakuona unapita hapa Jumamosi na leso mukononi, unaenda kuililia mbali.” Aliinamisha kichwa risasi zipite. “Sema yenye hujawaambia bale.”

Généreuse alitafuta mahali pa kunyamaza, mahali pa leso, na hapakuwepo. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mtoto aliyeitwa ubaoni.

“Nilikusikia,” alisema.

“Ulinisikia mara ngapi?”

“Tatu. Nilijua ni wewe. Niliona utataka niishushe buffet nikupakize, na mimi sikutaka. Ile ya masikio kutosikia ni uongo, naisema ili batu baipende.”

Asumini alitikisa kichwa polepole, macho yake yakiwa kwenye dari.

“Chukudu sikuitaka,” alisema. “Nilitaka bega tu, niegemee mpaka Birere. Ungenipa bega na ungeendelea na kabati yako.” Kisha akasema, “Na nilikuita mara nne.”

“Ya nne sikuisikia. Haki ya Mungu, sikuisikia.”

“Najua. Ulikuwa umeshafika kwa kona. Ya nne haikuwa ya mguu. Mulango ingine ya kabati, yenye hukuegemea, ilikuwa imefunguka, masahani zinataka kuanguka. Nilikuita nikuambie uifunge.”

Généreuse aligeuza uso kwenye mawe. Kisha alilia, bila leso, kwa sauti mbaya ya mtu asiyetazamwa, kuliko alivyomlilia baba yake na kuliko alivyoililia nyumba. Asumini alimwacha alie. Baadaye akasogea kidogo kwenye mkeka, akamwonyesha bega lake.

“Lalia hapa,” alisema. “Na usinilowanishe sana, hii kitenge ni ya mupya.”